Pikipiki ya Mwamuzi wa Kipande cha Sita

Jumapili tarehe 6 Novemba 1994, Hedley Kearton alishika nafasi ya tatu kati ya waendeshaji themanini na wanne katika mashindano ya pikipiki ya kupita vikwazo ya klabu ya bonde lao, kaskazini mwa Yorkshire, akiwa amepoteza alama kumi na moja tu. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Alhamisi iliyofuata, saa kumi na mbili asubuhi, baba yake alianguka kwenye banda la kukamulia, akapooza upande wa kushoto. Mama alikimbilia simu kuita gari la wagonjwa. Hedley alibaki bandani kuwakamua ng'ombe thelathini na saba ambao viwele vyao vilikuwa bado vimejaa, maana hakukuwa na mtu mwingine wa kuwakamua. Pikipiki yake iliuzwa kabla mwezi haujaisha.

Tangu hapo hakupanda tena. Klabu, hata hivyo, haikumwacha aende mbali. Mwaka 1995 aliombwa asimame siku moja tu kama mwamuzi wa Kipande cha Sita, kwa kuwa aliyekuwa akisimama hapo alikuwa na harusi ya binti yake. Siku hiyo moja sasa ina miaka ishirini na tisa.

Katika mchezo huu mwendo wa kasi hauna faida. Mwendeshaji husimama wima juu ya pikipiki nyepesi isiyo na kiti, akapita polepole kati ya kamba zilizotandazwa juu ya mawe, mizizi na maji. Akigusa chini kwa mguu mara moja, anaandikiwa alama moja. Mara mbili, mbili. Tatu na kuendelea, tatu. Pikipiki ikisimama au akianguka, tano. Asiyegusa kabisa amepita safi. Mwenye alama chache ndiye mshindi. Kila kipande cha njia kina mwamuzi wake, na kanuni ya klabu inasema mwamuzi haondoki kwenye kipande mpaka mwendeshaji wa mwisho apite mzunguko wa mwisho. Akiondoka, kipande kinafutwa kwenye matokeo.

Kipande cha Sita kiko ndani ya korongo la Hagg, mahali ambapo kuta mbili za mwamba zimekaribiana kiasi kwamba mtu akinyoosha mikono anakaribia kuzigusa zote. Jua la majira ya baridi haliingii humo. Simu haishiki. Hedley hushuka saa nne asubuhi na kutoka saa tisa alasiri, akaendesha gari moja kwa moja hadi kwa ng'ombe, ambao hukamuliwa saa kumi na moja alfajiri na saa kumi jioni, kila siku, hata Krismasi. Wakulima wa bonde hilo wanaupenda mchezo huu kwa sababu isiyo na ushairi wowote: ndio pekee unaoingia kati ya kukamua na kukamua.

Januari mwaka huu wa 2024, daktari wa mifupa alimwambia kwamba goti lake la kulia litatolewa mwezi Juni na kuwekewa la bandia. Hedley aliuliza swali moja: baada ya hapo, je, mtu anaweza kusimama kwenye pikipiki juu ya mawe? Daktari alijibu kwa neno moja pia. Jioni hiyo, mezani, Hedley alimweleza mkewe Lorraine.

"Kwa hiyo?" Lorraine aliuliza, akimpakulia viazi.

"Kwa hiyo nimebakiza machipuko haya tu."

"Ya kufanya nini?"

"Kupanda."

Lorraine alikiweka kijiko chini. "Hedley. Goti limekwisha. Ndiyo sababu wanalitoa."

"Si ndio hapo? La kutupwa halina haja ya kutunzwa. Wacha nilimalize mwenyewe."

"Una miaka hamsini na sita."

"Colin Dinsdale ana sitini na nne na anapanda kila wiki."

"Colin alikuwa dereva wa basi la shule. Ameshazoea kupigiwa kelele." Akachukua tena kijiko. "Haya, nunua. Ila usiniletee ile ya mwaka tisini na nne. Aliyekuwa akiipanda wakati ule hayupo tena. Nunua ya huyu niliyenaye hapa mezani."

Shindano lililomfaa lilikuwa moja: la Jumapili tarehe 17 Machi, la mwisho wa msimu, lenye njia rahisi ya wanaoanza na wanaorudi. Baada ya hapo ng'ombe wanaanza kuzaa, halafu yanakuja majani ya kukata, halafu Juni. Alihitaji pikipiki iliyotumika, nzuri, tena ndani ya wiki sita.

Bondeni humo, mtu akitaka pikipiki iliyotumika huenda na Maurice Coates. Maurice ana miaka sabini na mmoja, alikuwa fundi wa matrekta, na ni katibu wa klabu kwa miaka ishirini na miwili. Watu husema anaweza kusikia beringi mbovu kupitia simu. Yeye na Hedley wamefahamiana tangu Hedley akiwa mtoto wa kubebwa begani. Hedley alimweleza yote garini siku ya kwanza: goti, Juni, tarehe 17. Maurice alisikiliza, macho yake barabarani.

"Kijana wangu," alisema mwishoni, "tutakutafutia chuma."

Ya kwanza ilikuwa mjini Leyburn, injini ya ukubwa wa mia tatu, ya miaka miwili tu, inang'aa. Maurice aliipiga kiki mara moja, akavuta mafuta kidogo, akaizima.

"Hii itakurusha juu ya ukuta, kisha ije ikutafute upande wa pili."

Hata muuzaji alicheka. Na ilikuwa kweli. Hedley alikuwa ameipenda kwa sababu ilifanana na ile aliyokuwa akiiota, ya mtu mwenye mikono ya miaka ishirini na saba. Aliyerudi baada ya miaka mingi anahitaji injini inayosamehe. Maurice alimweleza hivyo bila kumficha, kisha akamfundisha mahali pa kutazama. Rangi na stika za kampuni aziache. Anyanyue gurudumu la nyuma, alitikise juu na chini, asikie kama mkono wa nyuma, kile chuma kinachoshika gurudumu, unacheza. Apitishe kidole chini ya vikanyagio, pale fremu ilipochomelewa, kwa kuwa hapo ndipo uzito wote wa mtu unapotua. Afungue kizibo cha mafuta ya gia: yakiwa meupe kama maziwa, maji yameshaingia. Alale chini alitazame bamba linaloikinga injini, kwa maana bamba husema pikipiki imeishi na nani.

Ya pili ilikuwa ya buluu, mia mbili na hamsini, iliyoundwa na Wakatalani wa Hispania, katika gereji ya polisi mstaafu. Injini yake ilinguruma chini chini, kama mtu anayejizungumzia jikoni. Hedley alisimama juu yake, imeegemezwa ukutani, akahisi mabega yake yanashuka. Maurice alichuchumaa na tochi upande wa kulia kwa muda mrefu.

"Ufa," alisema.

"Wapi?"

"Hapa, chini ya kikanyagio. Mwembamba kama unywele."

Hedley aliinama. Miwani ya kusomea alikuwa ameiacha nyumbani. Aliona mstari, au alidhani ameuona.

"Nimeuona," alisema, kwa sababu Maurice alikuwa ameuona.

Ya tatu, mia moja na ishirini na tano, ilikuwa ya mwalimu mmoja aliyehama. Maurice aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini na sikio lake kwenye mpini, kama daktari, akatikisa kichwa. Beringi ya krenki. Imebakiza mwezi.

"Subiri vuli," alisema wakirudi. "Watu watauza za zamani wanunue mpya. Soko litafurika."

"Vuli sina, Maurice."

"Ndiyo. Najua." Alikata kona ya darajani taratibu. "Tarehe kumi na nane utakuwa Sita, siyo?"

"Nitakuwepo."

"Safi."

Jumapili tarehe 18 Februari Hedley alishuka korongoni na koleo lake la kutobolea kadi za alama za waendeshaji na kigoda asichokikalia. Kulikuwa na ukungu na maji yalikuwa yamepanda hadi kwenye jiwe jeusi lililo katikati ya kipande. Waendeshaji tisini, mizunguko minne. Walianza kuingia saa tano, mmoja mmoja, bila taa, sauti zikitangulia.

Mtu wa ishirini hivi alikuwa Colin Dinsdale, dereva wa basi mstaafu, mnene, mwekundu usoni. Alikuwa juu ya pikipiki ya buluu. Hedley aliitambua kabla hajaiona vizuri. Aliitambua kwa mngurumo. Colin alipita jiwe jeusi kama mtu anayepanda ngazi za nyumbani kwake, akatoka juu bila kugusa, akanyoosha kadi.

"Safi," Hedley alisema, akaitoboa. "Hiyo umeipata lini?"

"Jumatano! Unaionaje? Mimi, Colin, safi kwenye Sita! Mama watoto hataamini, itabidi umwandikie barua."

"Ya yule polisi?"

"Hiyohiyo. Maurice alinipigia. Akaniambia, Colin, kimbia, ndiyo bora kuliko zote msimu huu."

"Maurice alikupigia."

"Usiku huohuo alioiona. Rafiki wa kweli yule." Akaondoka zake, moshi ukabaki baina ya kuta.

Mzunguko wa pili Hedley alikuwa amevaa miwani. Colin alipofika kunyoosha kadi, alimwomba asogee mbele kidogo, akainama chini ya kikanyagio cha kulia, akapitisha kidole gumba palipochomelewa. Chuma kilikuwa kizima. Alipangusa tope kwa kitambaa, akatazama tena. Kizima.

"Kuna tatizo?" Colin aliuliza.

"Hapana. Umepoteza moja. Uligusa pale mwanzo."

"Uliiona ile!"

"Niliiona."

Ilikuwa saa sita na robo. Mbele yake kulikuwa na mizunguko miwili na nusu. Mtu mwingine angepanda juu, akamtafute Maurice uwanjani, amuulize mbele ya watu. Hedley alitazama njia ya kutokea: ngazi kumi na moja za mawe yenye utelezi, dakika mbili hata kwa goti lake. Alisimama hapo hapo. Namba kumi na tano, tatu. Namba thelathini na nane, tano, akaangukia maji, akacheka. Namba sabini, safi. Kila aliyenyoosha kadi alimshukuru. Alitoboa kadi, akahisi baridi ikimpanda kutoka kwenye soli, na kila mngurumo uliotoka nyuma ya kona ulimwambia kwamba bado.

Maurice alishuka saa saba na nusu, kama kawaida yake, akiwapitia waamuzi na chupa ya supu ya njegere na pai ya nyama iliyofungwa kwa karatasi.

"Kijana wangu, supu hiyo. Vipi huku?"

"Colin ana pikipiki mpya."

Maurice alikuwa akifungua kifuniko cha chupa. Aliendelea kukizungusha hata baada ya kufunguka.

"Nimeiangalia mara mbili," Hedley alisema. "Leo nina miwani. Ufa umekwenda wapi?"

"Haya si ya kuzungumzia hapa."

"Nitayazungumzia wapi? Siruhusiwi kutoka."

Namba hamsini na mbili aliingia, akagusa mara mbili, akachukua kadi yake, akaenda. Wote wawili walisubiri mpaka sauti ipotee.

"Sikiliza," Maurice alisema. "Nina waendeshaji tisini, vipande kumi, na waamuzi wanane. Katika hao wanane, mmoja ni mke wangu na mwingine ni shemeji yangu anayesinzia. Vipande viwili nimevisimamisha kwa kuwabembeleza watu jana saa nne usiku. Kila mtu anataka kupanda, Hedley. Hakuna anayetaka kusimama."

"Mimi nimesimama miaka ishirini na tisa."

"Ndiyo nakwambia! Mwaka jana yule jamaa wa Kendal alimpandishia sauti mwamuzi wa Kipande cha Tatu mpaka mama wa watu akalia. Hapa kwako hakuna anayefungua mdomo. Ukisema tatu, ni tatu. Wanatoka humu kama wanatoka kanisani."

"Kwa hiyo ukaamua nisipate pikipiki."

Maurice aliitazama supu. "Niliamua usipate kabla ya Juni," alisema. "Juni goti linabadilishwa, habari inaisha yenyewe. Hakuna aliyegombana na mtu. Unabaki hapa, wanakuheshimu, mimi nalala."

"Na ya mwalimu? Ile ya beringi?"

"Ile ilikuwa nzima pia."

Hedley alikipa kipande mgongo. Alikuwa akimtazama Maurice, mzee aliyembeba begani kwenda kutazama mashindano, na hakutazama kitu kingine, mpaka alipoona kadi imenyooshwa mbele ya kifua chake. Namba sitini na tatu, mwanamke wa makamo mwenye kofia ya kijani, alikuwa ameshapita kipande chote. Injini yake ilikuwa ikinguruma hatua moja kutoka alipokuwa. Hakuwa ameisikia.

"Ngapi?" yule mwanamke aliuliza.

Hedley alikuwa ameshika koleo. Alitazama kamba, jiwe jeusi, maji yaliyokuwa bado yakitikisika.

"Uligusa?" alimuuliza.

"Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe."

Mwanamke alimtazama, kisha akamtazama Maurice. "Mara moja. Pale kwenye jiwe."

"Asante." Akatoboa moja.

"Huyu ni mzima leo?" mwanamke alimuuliza Maurice, akaondoka.

"Angeweza kukudanganya," Maurice alisema kwa sauti ya chini.

"Angeweza."

"Hedley, hilo halijawahi kutokea."

"Limetokea. Umenizuia hapa, na kazi yenyewe uliyonizuilia umeniharibia." Hedley alilifungua na kulifunga koleo mara kadhaa. "Keshokutwa nitakuletea fomu ya tarehe 17. Njia ya wanaorudi."

"Huna pikipiki."

"Pale penye aina ya pikipiki nitaacha wazi. Kanuni inaruhusu kubadilisha mpaka asubuhi ya shindano. Uliiandika wewe."

Maurice aliacha supu juu ya kigoda, akapanda zile ngazi kumi na moja akishika ukuta. Hedley alibaki. Mwendeshaji wa mwisho alipita saa tisa kasoro dakika tano, na kipande hakikufutwa. Saa kumi alikuwa bandani.

Fomu aliipeleka Jumanne, akaiingiza kwenye tundu la barua la Maurice bila kugonga mlango. Alhamisi alivuka mlima peke yake kwenda kwa Gwen Tiplady, mfuga kondoo aliyeacha kupanda tangu alipozaa mapacha. Tangazo lake kwenye duka la vyakula vya mifugo lilikuwa na mistari miwili tu.

Pikipiki ilikuwa nyuma ya marobota ya nyasi: mia mbili, ya mwaka 2008, plastiki zake zilikuwa nyeupe zamani, sasa zina rangi ya meno.

"Nikuambie mapema," Gwen alisema. "Wanaume watatu wameshaiona. Wote wamesema ya kitoto."

"Wana miaka mingapi?"

"Ya kuzaliwa au ya akili?"

Hedley alivua koti, akavaa miwani, akapiga goti zuri. Alianzia chini. Bamba lilikuwa na mikwaruzo mirefu, hakuna shimo. Aliyeipanda alikuwa anateleza juu ya mawe, hapigi. Alifungua kizibo: mafuta safi. Alipitisha kidole chini ya kikanyagio cha kulia, kisha cha kushoto, kisha akarudia cha kulia. Rimu ya nyuma ilikuwa imebonyea mahali pamoja, ukubwa wa ukucha. Alinyanyua gurudumu la nyuma, akalitikisa. Kitu kiligonga kidogo ndani, tiki tiki.

"Mkono wa nyuma unacheza," alisema.

"Najua. Beringi mpya ziko kwenye kopo lile, sikupata mtu wa kunishikia nizifunge."

"Mbona hukuandika kwenye tangazo?"

"Nilitaka nijue nani ataona." Gwen aliegemea robota. "Wewe ndiye wa kwanza."

Iliwaka kwa kiki ya tatu. Uwanjani, hatua nne za mwanzo, Hedley aliachia klachi haraka, ikazima, akaweka mguu kwenye matope ya ng'ombe hadi kifundoni. Alijihesabia mwenyewe: tano. Mara ya pili aliigeuza kuzunguka tangi la maji, akagusa mara mbili. Mara ya tatu aliielekeza kwenye tuta la nyuma ya zizi, mahali penye mawe mawili na mteremko, na ile injini ndogo ikavuta taratibu kama trekta kuukuu, bila kumkimbiza wala kumwacha. Goti lilimuuma hasa, maumivu makali yaliyomfanya atoe sauti. Juu ya tuta alisimama, akashusha mguu, akabaki hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Gwen hakumwita.

Walipigana viganja kama wanavyofanya wakiuziana kondoo, na Gwen akamrudishia noti ya pauni kumi ya bahati, kama desturi inavyotaka.

Ijumaa simu ililia wakati wa chai. Lorraine aliipokea, akasikiliza, akampa mumewe bila kusema ni nani.

"Fomu yako ninayo," Maurice alisema. "Pale pa pikipiki niandike nini?"

"Mia mbili."

"Ya Gwen Tiplady?"

"Ndiyo."

"Sikuwahi kuiona ile," Maurice alisema. "Mkono wa nyuma uliutazama?"

"Unacheza. Beringi ziko hapa mezani, Lorraine amezikataza zisikae karibu na mkate."

"Umeuona mwenyewe."

"Si ulinifundisha?"

Maurice alikohoa. Hedley alijua kikohozi hicho. Kilikuwa kile cha kabla ya kuomba kitu. "Nimepiga simu watu kumi na wanne. Wote wanapanda, au wana mjukuu, au mgongo. Sita haina mtu. Na nikiifuta Sita watu wa Kendal na Penrith hawaji. Wanakuja kwa ajili yake."

Hedley alitazama dirishani. Ng'ombe walikuwa wameshajipanga langoni, wamegeuza vichwa upande wa nyumba. Ingekuwa rahisi sana kusema sawa. Neno lenyewe lilikuwa tayari mdomoni, limekaa hapo miaka.

"Simama wewe," alisema.

"Mimi ni katibu."

"Nimemwona katibu akifanya kazi miaka ishirini na miwili. Analeta supu na kuuliza vipi huku. Lorraine ataleta supu."

"Nitaleta," Lorraine alisema kutoka kwenye sinki, kwa sauti ya kutosha kusikika kwenye simu. "Na ataandikiwa tano akilalamika."

"Korongoni kule kwa saa tano nzima," Maurice alisema. "Na mapafu yangu haya."

"Vaa soksi mbili."

"Na Oktoba?" Maurice aliuliza. "Ukishapona?"

Hedley alilifahamu swali hilo tangu asubuhi, kabla halijaulizwa. Alijaribu kutafuta jibu lingine, hakulipata. "Oktoba nitakuwa na goti jipya na sina pa kulipeleka," alisema. "Nitakuwa Sita."

"Sawa."

"Lakini Machi simo."

"Nimesikia, Hedley. Machi humo. Nitavaa soksi mbili." Kisha akaongeza: "Ile ya buluu. Colin nitamwambia akuuzie, ukitaka."

"Mwachie Colin."

Alirudisha simu mahali pake. Lorraine alimtazama, akafuta mikono. Saa kumi ilikuwa imepita kwa dakika sita, na Hedley alivaa buti akaenda bandani.

Jumamosi tarehe 16 Machi, baada ya maziwa kuchukuliwa, Gwen Tiplady atakuja kumshikia mkono wa nyuma wakati akifunga beringi. Jumapili ataanza kukamua saa kumi alfajiri badala ya saa kumi na moja. Kundi la wanaorudi litaondoka saa nne na nusu, na yeye ni namba themanini na nane.